Jina la Mchezaji: Mfululizo wa Mother na Wana Uliowalea

Mwishoni mwa Mother 2, mchezo wa video uliotoka Japani mwezi wa Agosti 1994, watoto wanne wanasimama mbele ya adui asiye na umbo, na silaha zao zote zinashindwa. Mwenye la kufanya amebaki Paula, msichana ambaye tangu mwanzo wa safari amekuwa na uwezo mmoja ambao wachezaji wengi huupuuza: kuomba dua. Anaomba. Dua yake inawafikia watu waliokutana nao njiani, kundi baada ya kundi, na kila mmoja popote alipo anashituka moyoni na kuwaombea watoto asiowaona. Dua inamfikia mama. Kisha watu wanakwisha. Paula anaomba tena, na giza linaimeza sauti yake. Hapo ndipo linapotokea kwenye kioo cha televisheni jina la mtu asiyekuwemo kabisa katika hadithi: jina la mchezaji mwenyewe, aliyekaa sakafuni chumbani kwake. Jina hilo aliulizwa saa nyingi nyuma, kwa kisingizio chepesi, na aghalabu amekwisha kusahau kwamba alilitoa.

Katika tendi za Kiswahili, mtunzi ndiye anayejitaja mwishoni. Hutaja jina na nasaba, huomba radhi kwa makosa, kisha humtaka msomaji amwombee dua. Mtunzi wa Mother 2 hakuzijua tendi hizo, lakini amefika kwenye kizingiti kile kile kwa mlango wa nyuma: yeye amejificha, akamtaja msomaji, na dua akaiomba kwa ajili ya wahusika. Mtoto wa miaka kumi aliyetajwa jina namna hiyo hawezi kuambiwa baadaye kwamba alikuwa akipoteza wakati wake tu.

Mtunzi huyo ni Shigesato Itoi, aliyezaliwa mwaka 1948 katika mji wa Maebashi. Hakuwa mtu wa kompyuta. Japani ilimjua kwanza kwa maneno yake ya matangazo ya biashara, mafupi na yenye kunata. Mwaka 1981 alitoa kitabu cha visa vifupi pamoja na Haruki Murakami. Na sauti ya baba katika filamu My Neighbor Totoro ya mwaka 1988 ni yake. Mother ya kwanza ilitoka mwaka 1989, na jina lake amelichukua katika wimbo wa John Lennon, wimbo wa mtu mzima anayewalilia wazazi waliomwacha. Jina hilo si pambo. Katika mfululizo wote baba hayupo au hafikiki. Katika michezo miwili ya mwanzo yeye ni sauti ya simu tu: humwekea mwanawe fedha benki, humhifadhia mchezo ulipofika, humshauri apumzike, na uso wake hauonekani. Mama yupo nyumbani na chakula ambacho mchezaji mwenyewe alikitaja mwanzoni kuwa ndicho akipendacho. Na Ness, shujaa wa Mother 2, akikaa muda mrefu bila ya kumpigia mama simu, hushikwa na hamu ya nyumbani. Katikati ya pambano anamkumbuka mama, na zamu yake inapita bure. Kuna mashujaa wengi katika michezo ya namna hii wanaopatwa na sumu, usingizi au upofu. Anayeshindwa kupigana kwa sababu anamtaka mamake ni nadra.

Jambo la lugha nalo linastahili kutazamwa na wapenzi wa ushairi. Michezo yote mitatu ya mfululizo huu imeandikwa kwa kana, yaani alama za sauti ambazo mtoto wa Kijapani huzisoma kabla ya kujifunza herufi zenye asili ya Kichina. Wapo waliodhani kwamba ni udhaifu wa mashine za zamani, na kwa mchezo wa kwanza dhana hiyo ina haki yake. Lakini Mother 3 ilitoka mwaka 2006, wakati mashine ziliweza, na bado Itoi alibaki na kana. Neno lililoandikwa hivyo halina picha ya maana inayotangulia sauti. Lazima lisikike kwanza ndipo lieleweke. Maneno ya Itoi kwa hiyo yanasomwa kwa sikio, na ndiyo maana mzaha wake na huzuni yake hukaa katika sentensi moja bila ya kugombana.

Sauti hiyo ilivuka bahari mwezi wa Juni 1995, mchezo ulipotolewa Marekani kwa jina la EarthBound. Maandishi ya Kiingereza ni kazi ya Marcus Lindblom kwa sehemu kubwa, na ni kazi ya mtu mwenye sikio. Alitafsiri mzaha kwa mzaha, hakutafsiri neno kwa neno. Yapo yaliyobadilishwa. Baa ziligeuzwa mikahawa. Misalaba iliondolewa katika hospitali. Hayo ni madogo. Lakini katika nchi ya Magicant, ambayo ni nafsi ya Ness yenyewe, mtoto wa Kijapani anatembea uchi, ilhali yule wa Kimarekani amevishwa nguo za kulalia. Hapo kuna hasara ya kweli: aliyevaa nguo za kulalia yumo ndotoni, aliye uchi yumo ndani ya ukweli wake. Wenye kampuni, wakiogopa lawama, waliufuta mstari mzuri. Juu ya hayo waliutangaza mchezo kwa kadi za kukwaruza zinazotoa uvundo, kana kwamba wanauza kichekesho cha vyoo, na soko likawalipa walichostahiki. EarthBound haikununuliwa kama ilivyotarajiwa.

Walioununua, hata hivyo, hawakuuacha. Mwaka 1999 kulikuwa tayari na ukumbi wao katika intaneti, baadaye ukajulikana kwa jina la Starmen.Net, na humo vijana waliokuwa watoto mwaka 1995 walikusanya picha, nyimbo, maombi ya sahihi kwa kampuni ya Nintendo, na ugomvi usiokwisha. Mmoja wa waliokulia ukumbini humo ni Toby Fox, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1991. Maisha yake ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote wa namna mchezo wa utotoni unavyomfinyanga mtu. Na mfano huo unafaa kuchunguzwa kwa kazi zake, kwa kuwa mapenzi peke yake hayaachi ushahidi.

Kazi ya mwanzo ni ya mwaka 2008. Fox aliichukua EarthBound yenyewe, akaifumua, akaishona upya kuwa mchezo wa kutisha wa sikukuu ya Halloween. Ni kazi ya kijana: lugha yake chafu, hasira yake haina breki. Lakini ndani yake mna swali ambalo wahakiki wakubwa hawakuliuliza. Katika EarthBound, Dakta Andonuts ni baba wa Jeff, mmoja wa wale watoto wanne. Hawajaonana kwa miaka kumi. Wanapokutana, baba anasema kwa uchangamfu kwamba waonane tena baada ya miaka mingine kumi. Ni mzaha, na mchezaji hucheka. Karibu na mwisho, daktari huyo huyo anazihamisha roho za watoto katika miili ya vyuma na kuwapeleka zama za kale, bila ya uhakika wa kurudi. Itoi anawarudisha. Fox, akiwa na miaka kumi na sita au kumi na saba, aliuliza: je, lau wasingerudi? Akamweka yule baba mbele ya deni lake, amevurugikiwa na akili kwa majuto, na mchezaji ndiye anayetumwa kummaliza. Mtoto aliyecheka alikuwa pia amesikia, na kile alichokisikia kilimkaa.

Mwaka 2013 Fox aliwaomba watu mchango wa dola 5,000 ili atengeneze mchezo wake mwenyewe, akapata zaidi ya dola 51,000. Undertale ilitoka tarehe 15 Septemba 2015. Mtoto mmoja anaanguka chini ya ardhi kwa majitu, na kila pambano linaweza kumalizwa bila ya kuua. Wengi waliliona jambo hilo kuwa jipya kabisa. Mbegu yake ni ya Itoi: katika EarthBound, mnyama aliyeshindwa huambiwa ametulia, na mtu mwovu huambiwa amerudi katika hali yake. Kwa Itoi hiyo ilikuwa adabu ya maneno tu, kwani kitufe kilichobonyezwa bado ni kile cha kupiga rungu. Fox ameichukua adabu ile akaifanya sheria. Toriel naye, mama wa majitu anayempokea mtoto, humpigia simu kumuuliza ladha gani aipende, kisha humwokea andazi la kujazwa; anayemjua mama wa Ness hahitaji kuelezwa.

Ila penye jina ndipo mwanafunzi anapoachana na mwalimu. Mwanzoni mwa Undertale mchezaji huulizwa jina la mtu aliyeanguka, naye huandika, pengine lake mwenyewe, akidhani anambatiza shujaa wake. Akifika katika mwisho ulio mwema anagundua kwamba shujaa ana jina jingine, Frisk, na kwamba jina aliloliandika ni la mtoto wa kwanza kuanguka, ambaye alikwisha kufa zamani. Na mchezaji akichagua njia ya kuua kila kiumbe, marehemu huyo hutokea mbele yake, akazungumza naye kama mshirika. Mchezo huo hausahau. Mchezaji akimuua Toriel kwa bahati mbaya, akarudi nyuma kwa siri ili amnusuru, yupo anayejua alichokifanya na atamsuta. Aliyekwisha kuuangamiza ulimwengu huweza kuupata tena kwa kuitoa roho yake, na baada ya hapo kila mwisho mwema utakuwa na doa. Muziki unaopigwa katika pambano kubwa la njia hiyo ya mauaji, MEGALOVANIA, Fox aliutunga kwa ajili ya ule mchezo wake wa mwaka 2008. Deni la Dakta Andonuts limehamishiwa kwa mchezaji.

Hukumu juu ya jambo hili haiwezi kuwa nyepesi. Undertale ni kazi kubwa, na kwa usanifu wa matukio imemzidi mwalimu wake; safari ya EarthBound ina mapambano ya kuchosha ambayo mhakiki mkweli hawezi kuyatetea. Lakini kuna pahala Undertale inageuka mahubiri. Inamwekea mchezaji mlango, inamwachia aufungue, kisha inamshitaki kwa kuufungua. Itoi alimwita mtu kwa jina akitaka msaada wake. Fox anamwita kwa jina akitaka hesabu yake. Wa kwanza aliandika akiwa mtu mzima anayemfikiria mtoto. Wa pili aliandika akiwa mtoto wa jana anayewatazama watu wazima waliokuwa wakicheza naye, na kuwauliza walifanya nini. Penye pambano la mwisho la njia njema, mtoto anapowaita rafiki zake waliosahau nafsi zao mpaka wakamkumbuka, mkono wa Paula unaonekana wazi, na kazi ya Fox inapata upole ambao kwingine inauonea haya.

Malezi ya mchezo huu hayakutoa watunzi peke yao. Mother 3, yenye mama anayekufa mapema na ndugu pacha wanaokutana mwishoni kama maadui, ilitolewa Japani peke yake. Wale vijana wa Starmen.Net walingoja, wakaomba, wakakata tamaa. Kisha Clyde Mandelin, mmoja wa waanzilishi wa ukumbi huo na mfasiri kwa kazi yake, aliongoza kundi la watu wasiolipwa, na mwezi wa Oktoba 2008 wakatoa Mother 3 nzima kwa Kiingereza. Mandelin alijitolea pia kuikabidhi Nintendo kazi hiyo bila ya malipo. Kwa mujibu wa sheria, haki ya kutafsiri ilikuwa ya kampuni, na hilo halina mjadala. Lakini mfasiri yeyote aliyewahi kukaa na maandishi asiyotumwa na mtu anaijua njaa ile. Mandelin aliendelea, na mwaka 2016 akatoa kitabu kizima cha kulinganisha EarthBound na asili yake, karibu sentensi kwa sentensi. Ni usomaji wa karibu wa aina ambayo vitabu vingi vya ushairi havijabahatika kuupata.

Mother 3 nayo huuliza jina la mchezaji. Ulimwengu unapobomoka, kioo kinabaki cheusi, na pamebaki neno moja la kutangaza mwisho, lenye alama ya kuuliza. Anayezima mashine hapo amekosa. Asiyezima, akibonyeza vitufe gizani, husikia watu wa hadithi wakisema kwamba wapo, wazima, na wanamshukuru kwa jina lake. Mwaka 2024, Nintendo ilipoiweka Mother 3 katika huduma yake ya Switch Online, iliiweka kwa Japani tu, kwa Kijapani. Wanaosoma Kiingereza, maneno hayo ya gizani waliyapata kwa mkono wa wale waliotajwa jina utotoni.