Kalamu ya London na Karatasi ya Maandazi

Freddy Macha nilianza kumsoma katikati, kwa sababu mwanzo wa makala ulikuwa umelowa mafuta ya maandazi. Hapa Mkange wengine tunayasoma magazeti yakishageuka karatasi ya kufungia. Ilikuwa ni ile safu yake ya "Kalamu Toka London", katika Mwananchi. Nikala andazi, karatasi nikaitia mfukoni.

Macha si mgeni wa fani. Miaka ya 1980 alikuwa na bendi ya Sayari. Mwaka 1984 akatoa hadithi za Twen'zetu Ulaya. Kisha akaondoka, akaishi Brazil, akaja kutua London. Umwanamuziki wake unasikika hata anapoandika: anakata sentensi, anakutupia swali, anaendelea zake.

Ninamkubali sana anapoeleza. Aliye mbali huyasikia maneno mapya ambayo sisi tunayatema bila kujua tumeyaokota lini. Anaponiudhi ni pale anapotukemea vijana kwa kuchanganya Kiswahili na Kiingereza. Mzee Macha, shikamoo, lakini hebu tuliangalie neno daladala. Lilitokana na nauli ya "dala", yaani shilingi 5, na dala yenyewe ni dola ya Wazungu. Makondakta wangenyamazishwa siku ile, leo tungepanda nini?

Haya, nimejibu. Nikarudia kuisoma ile karatasi, jamani, nikajiona nimebanwa. Kondakta alibuni. Mimi ninayejaza "so" na "but" kwenye kila mstari nimebuni kitu gani?

Hilo linaniuma kwa kuwa kazi hii naitaka: mwandishi wa kujitegemea, anayeandika juu ya lugha na muziki wa watu. Nilipeleka makala tatu kwenye gazeti moja, sitalitaja. Ikatoka moja. Nilipouliza malipo nikaambiwa jina langu limeonekana, inatosha. Jina halinunui unga, bwana! Ndiyo maana namwangalia Macha kwa makini: kalamu mkono huu, muziki mkono ule. Mimi mkono wa pili umeshika usukani wa bodaboda.

Na huko kwenye bodaboda ndiko nilikoipata makala ya nne. Inahusu kwa nini abiria tunamwita "kichwa". Haina "so" hata moja. Kesho nikipata bando naituma, safari hii kwa mhariri mwingine.