Grafu Bila Namba: Jinsi ya Kulitambua Swali Zuri

Grafu ikiondolewa namba, mwanafunzi hawezi tena kuhesabu miraba na kubahatisha. Inambidi aeleze mstari unasema nini. Hata hivyo, si kila grafu ya aina hiyo inafaa kupelekwa darasani. Mwalimu na alipime swali lake hivi.

Aanze na mihimili. Namba zimeondoka, majina yabaki: muda huku, kina cha maji kule. Bila majina hayo hakuna swali, kuna kitendawili.

Pili, kila mpindo uwe na sababu. Chukua mtungi unaojazwa kwa bomba linalotoa maji kwa kasi ileile. Kitako ni chembamba, kwa hiyo kina kinaongezeka haraka na mstari unapanda mkali. Maji yakifika tumboni yanajitandaza, mstari unalala. Shingoni unainuka tena. Pipa lililonyooka hutoa mstari ulionyooka. Ndoo iliyopanuka juu hutoa mstari unaoanza mkali kisha ukalegea taratibu. Wanafunzi waoanishe vyombo hivyo na grafu zake, halafu wachore wenyewe grafu ya chupa ya soda.

Tatu, swali liwanase wanaoiona grafu kama picha. Mtu anapanda kilima kwa baiskeli, kisha anateremka. Waambie wachore kasi yake kadiri muda unavyokwenda: wengi watachora kilima, ilhali kasi hushuka kwanza ndipo ipande, kama bonde.

Nne, lizue ubishi wenye hoja. Kitabu cha Malcolm Swan, The Language of Functions and Graphs, kilichotolewa mwaka 1985 na Shell Centre ya Nottingham, Uingereza, kina swali lenye grafu moja ya kasi na orodha ya michezo: ni mchezo upi huu? Anayetaja mchezo anapaswa kuutetea kwa kila sehemu ya mstari.

Mwisho, akague mchoro wake mwenyewe. Mstari wa wima kwenye grafu ya umbali na muda unamweka msafiri mahali pengi kwa wakati mmoja.

Jibu la "inapanda" lisipewe alama kamili. Anayestahili ni yule asemaye inapanda, lakini kwa kasi inayopungua, na akataja kwa nini. Mwalimu, lijibu swali lako kwanza kwa sentensi kamili. Ukikwama kwenye mpindo mmoja, lirekebishe kabla kengele haijalia.