Mvua Inapofika Ndani ya Begi

Katika michezo mingi ya kompyuta mvua ni pambo. Ardhi inang'aa, matone yanasikika, na mchezaji anaendelea kukimbia na begi lenye mchele, bandeji na kibiriti, vyote vikavu. Kwa mchezo wa mbio za magari hilo halina neno. Lakini mchezo wa kunusurika umejengwa juu ya njaa, baridi na uhaba, na mvua isiyogusa mzigo inaondoa shida ambayo kila mtu aliyewahi kulala porini anaijua. Michezo michache imelishughulikia jambo hili kwa makini. Uliofika mbali zaidi, kwa maoni yangu, ni DayZ wa kampuni ya Bohemia Interactive ya Jamhuri ya Cheki, na inafaa kuufungua tuone ulivyofanya.

DayZ ulianza mwaka 2012 kama nyongeza ya mchezo wa vita uitwao Arma 2, ukaja kujitegemea, na toleo lake kamili likatoka mwaka 2018. Mchezaji anajikuta pwani ya nchi ya kubuni iitwayo Chernarus akiwa na nguo nyepesi na karibu mikono mitupu. Anaokota anachokipata, anakibeba, na mara kwa mara mvua inamkuta njiani.

Jambo la kwanza la kutazama ni mahali unyevu unapohifadhiwa. Hauhifadhiwi kwa mchezaji pekee. Kila kitu kinachoweza kulowa kina namba yake, kuanzia 0 hadi 1, na namba hiyo imekatwa katika ngazi. Chini ya 0.05 kitu ni kikavu. Kuanzia hapo kina unyevunyevu, kikifika 0.25 kimelowa, 0.5 kimelowa sana, 0.8 kimelowa chapachapa. Namba yenyewe mchezaji haioni. Anachokiona ni neno linaloeleza hali ya koti au suruali yake, nalo linamtosha kuamua kama aendelee na safari au atafute paa.

Jambo la pili, na hapa ndipo ufundi ulipo, ni kikomo. Kila aina ya kitu imepewa unyevu wa juu kabisa ambao haitaupita hata mtu anyeshewe nacho usiku kucha. Vikomo vinavyojirudia katika mafaili ya mchezo ni 0.249, 0.49, 0.79 na 1. Vilinganishe na ngazi zilizotajwa hapo juu: vile vitatu vya kwanza vimewekwa chini kidogo tu ya mpaka wa ngazi inayofuata. Koti lenye kikomo cha 0.249 litapata unyevunyevu, lakini halitalowa kamwe. La kikomo cha 0.49 litalowa, lakini halitalowa sana. Kwa namba moja tu mbunifu ameeleza tofauti kati ya jinzi, ngozi na kitambaa cha mpira, bila kuandika kanuni mpya kwa kila nguo.

Kikomo hicho ndicho kinachoamua hatima ya mzigo. Maji hayavuki kutoka kwenye begi kwenda kwenye vilivyomo mpaka begi lenyewe lilowe sana. Begi la kitambaa cha kawaida hufika huko mvua ikidumu, na hapo vilivyo ndani navyo huanza kulowa. Mfuko usiopitisha maji, wa aina ile ambayo waendesha mitumbwi hufunga juu kwa kuukunja, haufiki. Kwa hiyo swali la mchezaji halibaki kuwa begi lipi lina nafasi kubwa. Anajiuliza pia aweke nini wapi. Mfuko wa suruali ni wa karibu na mkono lakini utalowa. Nafasi ya mfuko usiopitisha maji haitoshi kila kitu, basi kiingie kile ambacho akikipoteza hatapona.

Adhabu za kulowa nazo zimechaguliwa kwa busara. Nguo iliyolowa inaongezeka uzito na kupoteza uwezo wa kuhifadhi joto, na ikilowa chapachapa karibu haisaidii kitu. Moto hauwaki kwa kuni zilizolowa, na uliowashwa mahali pasipo paa huzimwa na mvua. Hakuna hata moja kati ya hizo inayomuua mchezaji papo hapo. Zinamchosha, zinampunguzia mwendo na kumsukuma atafute nyumba, na ndani ya nyumba huenda kuna mtu mwenye bunduki. Ukilowa unaweza kuvua nguo na kuikamua, lakini kukamua kunapunguza maji tu. Kuikausha kabisa kunahitaji moto na muda. Hapo mvua imezaa uamuzi mgumu, na ndiyo kazi yake katika mchezo wa aina hii.

Don't Starve, wa Klei Entertainment ya Kanada, ulipita njia nyingine. Nyongeza yake ya mwaka 2014, Reign of Giants, ilileta kipimo cha unyevu wa mwili kinachopanda hadi 100 wakati wa mvua za majira ya machipuko. Mhusika akilowa, vitu vyake navyo hulowa: chakula kinaoza haraka zaidi, kuni zinatoa moto mdogo, na kifaa huweza kuteleza mkononi na kuanguka. Hilo la kuteleza linapendeza kwa sababu linamfikia mchezaji katika tendo lenyewe, akiwa anakata mti au anapigana. Ila begi halina kauli kubwa. Mwavuli na koti la mvua vinalinda kila kitu kwa pamoja, na ustadi wa kufungasha haupati nafasi.

Death Stranding wa Kojima Productions, uliotoka mwaka 2019, unahusu mpagazi, na mvua yake si ya kawaida: huzeesha inachokigusa. Kila mzigo umo ndani ya kasha. Mvua hulila kasha kwanza, na kasha likiisha ndipo mzigo unaanza kuharibika. Mpagazi ana dawa ya kupuliza ya kutengeneza makasha, na anaweza kujenga vibanda vya kujikinga njiani. Kubwa zaidi, ramani inamwonyesha utabiri wa hali ya hewa, kwa hiyo aliyeharibikiwa na mzigo anajua kwamba alikuwa na nafasi ya kungoja au kuzunguka. DayZ ungepata faida kubwa kwa kuazima jambo hilo.

Upungufu mwingine wa DayZ ni kwamba vitu vingi vikikauka vinarudi kama vilivyokuwa. Katika maisha havirudi vyote. Shati la pamba hukauka likawa shati lile lile, na sufu hata ikiwa mbichi bado hushika joto kiasi. Sukari na chumvi huyeyuka. Unga hugandamana, kisha huota ukungu. Karatasi hushikana na wino hutawanyika. Kichwa cha njiti ya kibiriti hulegea, na mara nyingi hakiwaki tena hata ukikianika. Risasi, kinyume chake, imezibwa vizuri na haishtushwi na manyunyu. Tofauti hizi zote zinaweza kubebwa na namba moja ya nyongeza: kiasi cha uharibifu unaobaki baada ya kitu kukauka. Kwa unga iwe kubwa, kwa shati iwe sifuri.

Najua gharama ipo. Seva yenye wachezaji kadhaa, kila mmoja na makumi ya vitu vilivyo ndani ya vitu vingine, haiwezi kukokotoa unyevu wa kila nguo kila wakati. Lakini haihitaji. Unyevu hubadilika polepole, hesabu inaweza kufanywa kila baada ya sekunde chache, na begi ambalo halijafika kwenye mpaka wa kuvujisha halina haja ya kufunguliwa kabisa. Kikomo kile kile kinacholinda mzigo kinaiondolea seva kazi.

Kwa kijana anayeandika mchezo wake wa kwanza wa kunusurika, nashauri aanze hapo: kila kitu kipewe kasi ya kulowa, kikomo cha kulowa na uharibifu usiorudi, na maji yapite kwenye begi kabla ya kufika kwenye mchele. Kisha amwonyeshe mchezaji wingu kabla ya tone la kwanza.