Moto na Vitenzi Vyake

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani aliniletea daftari alilolijaza kanuni za mchezo anaoubuni: mchezo wa mezani wa kinjozi, ambamo kila mchezaji hujivika nafsi ya mhusika na dadu huamua bahati yake. Mchawi wake ni wa moto. Nilisoma kurasa kumi na moja za uchawi huo, na kila kitendo kilikuwa namna nyingine tu ya kumchoma adui.

Kosa hili halikuanza kwake. Katika Dungeons & Dragons, mchezo uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, tufe la moto ni miongoni mwa vitendo mashuhuri kabisa vya uchawi. Toleo la 2014 hulipima kwa dadu nane za pande sita, katika eneo lenye nusu kipenyo cha futi 20. Moto huo una hesabu, lakini tabia yake ni haba. Tia barafu mahali pake, na mchezo utaendelea karibu vile vile.

Yafaa kuulinganisha na Ars Magica, uliobuniwa na Jonathan Tweet na Mark Rein-Hagen na kutolewa mwaka 1987. Mandhari yake ni Ulaya ya Zama za Kati, na lugha ya uchawi wake ni Kilatini. Kuna vitenzi vitano: Creo, naumba, Intellego, natambua, Muto, nageuza, Perdo, naharibu, Rego, natawala. Kuna na nomino kumi, zikiwamo zile za asili nne za Wayunani: Ignem, Aquam, Auram na Terram, yaani moto, maji, hewa na ardhi. Kitenzi huunganishwa na nomino, ndipo uchawi hutendeka. Jumla ni miungano 50. Mwalimu wa lugha hana budi kutabasamu, maana huu ni uchawi wa sarufi: mtenda amo ndani ya kitenzi, kama katika "naumba" yetu, na mtendwa hufuata.

Uzuri wa mpango huu huonekana katika Perdo Ignem. Kwa kuwa Ignem ni moto, joto na mwanga pamoja, anayeuharibu huleta baridi na giza. Mbunifu hakulazimika kuongeza kanuni. Maana ya neno ilikwisha kumfanyia kazi. Hata hivyo naona ufa hapa. Kwa Aristotle, baridi ni sifa kamili, iliyo sawa na joto. Moto ni wa joto na ukavu, maji ni ya baridi na unyevu. Mchezo unaodai kuishi katika fikra za zama zile umeifanya baridi kuwa upungufu tu wa joto, na hayo ni mawazo ya fizikia ya siku zetu.

Kijana wangu, kwa upande wake, hakukosa hazina. Wanafalaki wa pwani hugawa nyota kwa moto, udongo, upepo na maji. Na Kiswahili chenyewe hukoka moto, huuwasha, huuchochea, huupuliza, huuzima. Katika vyote hivyo daftari lilikuwa na "kuchoma" peke yake.

Nilipomwambia, alinijibu kwamba wachezaji hutaka hatari, si upishi. Jibu hilo lina haki yake, kwani dadu isiyo na la kupoteza haina maana kutupwa. Nikamwuliza: je, kaa la mwisho likizimika chini ya majivu, na kuni zote zimelowa, hiyo si hatari?

Alirudi baada ya wiki mbili na ukurasa mpya. Mchawi anaubeba moto wa kijiji kizima ndani ya chungu, mvua inanyesha, na kila kilima dadu hutupwa. Akitumia moto huo kumchoma adui njiani, chungu hupoa. Ukurasa huo niliusoma mara mbili.