Mwanamke katika Daftari la Maendeleo

Katika Azimio la Arusha la mwaka 1967 zimo sentensi chache ambazo, kwa maoni yangu, hazijapata kusomwa kwa makini yanayostahili. Chama cha TANU, kikieleza kwamba kazi ndiyo shina la maendeleo, kilikiri kuwa wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote nchini, pengine saa 12 au 14 kwa siku, bila kupumzika Jumapili wala sikukuu. Ilhali wanaume wa vijijini huwa likizoni nusu ya maisha yao. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere, katika andiko lake juu ya ujamaa vijijini, alitaja unyonge wa mwanamke kuwa dosari ya jamii yetu ya jadi. Ni nadra kwa dola changa kutoa ungamo la wazi namna hiyo. Lakini baada ya ungamo viliundwa vyombo, na kwa hiyo yafaa tuulize: je, vyombo hivyo vilizipunguza zile saa 14, au viliziongeza?

Naona kwamba mara nyingi viliziongeza, na kisha vikaandika nyongeza hiyo katika taarifa zao kama ushahidi wa usawa.

Tuanze na kijiji. Wakati wa Operesheni Vijiji, baina ya mwaka 1973 na 1976, mamilioni ya wananchi walihamishiwa katika makazi mapya, na sheria ya mwaka 1975 ikakipa kijiji halmashauri yake. Ardhi iligawiwa kwa kaya. Neno kaya katika lugha yetu ni neno pana na lenye heshima: ni mji wa watu, pamoja na wazee wao, watoto wao, moto wao na makaburi yao. Lilipoingia ofisini, hata hivyo, lilisinyaa likawa jina moja katika daftari, yaani jina la mkuu wa kaya, na mkuu wa kaya alikuwa mwanamume. Mke alikwenda shamba la kijiji kwa kuwa ni mwanakijiji, akaenda shamba la kaya kwa kuwa ni mke, akarudi jikoni kwa kuwa ni mwanamke. Katika mahali pa kwanza mahudhurio yake yaliandikwa. Katika mahali pa pili mavuno yaliandikwa, lakini kwa jina la mwingine. Jikoni hakuna aliyeandika lolote.

Wala jambo hili halikuzaliwa na ujamaa. Kule Kilimanjaro chama kikuu cha ushirika cha KNCU kiliundwa mwaka 1933, nacho kwa miaka mingi kilisifiwa, tena kwa haki, kuwa mfano wa wakulima Waafrika kujitegemea. Mwanachama wake alikuwa mwenye mibuni. Mwenye mibuni alikuwa mwenye kihamba. Na kihamba hurithiwa na wana wa kiume. Mwanamke alipalilia, akachuma, akabeba. Malipo yakapokewa na mwenye jina. Fedha aliyoweza kuiita yake ilitoka katika ndizi na maziwa aliyoyauza sokoni. Hapo tunaona jinsi chombo kinavyoweza kuwa cha haki baina ya mkulima na mnunuzi, na wakati huohuo kisiwe cha haki ndani ya nyumba ya mkulima mwenyewe.

Isidhaniwe kwamba nasema hakuna lililotendeka. Umoja wa Wanawake wa Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1962 chini ya uongozi wa Bibi Titi Mohamed, uliwapa wanawake jukwaa la kitaifa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimpa mke haki ya kumiliki mali kwa jina lake. Mwaka 1975 likizo ya uzazi yenye malipo ilifikishwa hata kwa mfanyakazi asiyeolewa, jambo ambalo wakati ule liliwaudhi baadhi ya viongozi wa dini na wazazi wengi, lakini Serikali haikurudi nyuma. Madarasa ya elimu ya watu wazima yaliwatia kalamu mkononi bibi zetu. Haya ni makubwa, na anayeyadharau hakuijua nchi hii kabla yake.

Ninachokosoa ni kipimo. Atazamaye taarifa za miradi, iwe ya wafadhili, ya halmashauri au ya mashirika ya hiari, atakutana na kitenzi kimoja kila ukurasa: wanawake walishirikishwa. Lugha yetu hapa imesema kweli kuliko waandishi wake walivyokusudia. Anayeshiriki hutenda mwenyewe. Anayeshirikishwa hutendewa, yupo mwingine aliyeketi juu yake na kumwita, na aliyemwita aweza kumwachisha. Vivyo hivyo kuwezeshwa. Sijapata kusoma taarifa isemayo kwamba wanaume wa kijiji fulani walishirikishwa katika kuuza kahawa yao.

Na walishirikishwaje? Mara nyingi kwa kuitwa mkutanoni, ambako idadi yao ilihesabiwa kwa vichwa. Mgeni rasmi akija kufungua kisima, kina mama ndio wanaoimba, ndio wanaopika wali, ndio wanaovaa vitenge vya sare. Picha hupigwa, na picha hiyo huingia katika ripoti. Kesho yake ukiuliza ufunguo wa pampu anao nani na fedha za kisima zimewekwa kwa jina la nani, huo ndio mwanzo wa tathmini ya kweli. Kuimba si aibu. Ngoma ni utamaduni wetu. Aibu ni kuufanya wimbo kuwa takwimu.

Miaka ya karibuni vyombo vyetu vimejifunza hesabu bora kidogo. Mtandao wa Jinsia Tanzania, ulioundwa mwaka 1993, ulianza mwaka 1997 kuichambua bajeti ya Serikali kwa kuuliza kila shilingi inamfikia nani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imebatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi, ikaagiza kwamba katika Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe 7, wasiopungua 3 wawe wanawake. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya vikundi vya wanawake. Hatua hii ya mwisho nina shaka nayo kidogo. Mkopo humkuta mwanamke asiye na shamba kwa jina lake, ukamwongezea biashara ya kuendesha na marejesho ya kulipa, wala haumpunguzii ndoo moja ya maji. Siku yake ilikuwa na saa 14 za kazi kabla ya mkopo.

Watu wengine wanapofikishwa hapa hukimbilia kusema kwamba huo ndio utamaduni wetu. Katika shauri la Ephrahim na Pastory, lililoamuliwa na Mahakama Kuu Mwanza mwaka 1990, mpwa alimpinga shangazi yake aliyeuza shamba la ukoo alilorithishwa na baba yake kwa wosia, akidai kwamba mila ya Wahaya haimruhusu mwanamke kuuza. Jaji Mwalusanya alikataa, akasema mila hiyo inapingana na haki zilizomo katika Katiba. Tukumbuke kuwa wanaume wa ukoo huohuo waliruhusiwa kuuza. Mila iliyokuwa ikilindwa, basi, haikuwa ya ardhi bali ya jina.

Miaka 7 kabla ya hapo, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu la mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali jambo ambalo hakuna halmashauri iliyokuwa imelikubali: kwamba kupika, kufua na kulea ni mchango katika kuichuma mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakupata alichokidai, maana mahakama iliona kuwa fungu lake alikwisha kulitumia kwa kutapanya fedha alizokabidhiwa na mumewe. Lakini kanuni ilibaki, na wake wengi baada yake wameitegemea. Taifa nalo limekwisha kupima matumizi ya muda katika utafiti wa nguvukazi wa mwaka 2006 na wa mwaka 2014, kwa hiyo hakuna awezaye kusema kwamba saa za jikoni hazihesabiki. Hata hivyo, afisa anayeshuka kijijini kutathmini mradi bado hubeba karatasi ya mahudhurio, yenye safu ya jina, safu ya jinsi na safu ya sahihi.