Upendo Halisi Unavyopimwa Garissa

Dalali wa ngamia katika soko la mifugo la Garissa hamwamini mwenye mnyama. Husikiliza sifa zote, huitikia kwa kichwa, kisha humfungua ngamia mdomo atazame meno, hupapasa nundu aone kama imejaa, na huagiza mnyama atembezwe. Sifa ni za muuzaji. Meno ni ya ngamia. Nawajua Wakristo wengi wenye macho makali kwa ng'ombe, kwa viwanja na kwa wachumba wa watoto wao, lakini ukiwaletea upendo wanaununua kwa sifa tu. Mhubiri akidondosha chozi jukwaani, wameamini. Shirika likichapisha neno hilo kwenye fulana, wameamini. Mwongozo huu ni wa kufungua mdomo na kutazama meno.

Kaskazini Mashariki nimeichagua kwa makusudi. Upendo wa Kikristo ni rahisi kughushiwa mahali unapolipa. Nairobi, Kisumu au Meru, anayegawa unga haondoki mikono mitupu: atapata waumini wapya, au kura, au jina, au angalau makofi ya harambee. Garissa, Wajir na Mandera, wenyeji karibu wote ni Waislamu, na Wakristo wengi ni watu waliofuata kazi: walimu, wauguzi, askari, mafundi wa ujenzi, wauza mitumba. Wenyeji huwaita "nywele ngumu", mara kwa utani, mara kwa dharau. Hapa hakuna mtu anayeingia kanisani kwa sababu ya kilo mbili za sukari, na atakayejaribu kuzitumia hivyo atarudishiwa sukari yake. Kwa hiyo ukiona upendo umesimama katika nchi hii, ujue nguzo zake nyingine zote zimekwisha kung'olewa.

Kila ufundi una kazi moja ambayo mafundi huitumia kupimia nyingine. Kwangu mimi, kazi hiyo ni ya Annalena Tonelli. Alizaliwa Forlì, Italia, mwaka 1943, akasomea sheria, akaja Kenya mwaka 1969, na muda si mrefu alikuwa anafundisha Wajir. Hakuwa mtawa. Alikuwa Mkatoliki mlei, bila shirika la kitawa la kumlinda, bila mshahara wa kujivunia. Kilichomshika ni kifua kikuu. Kwa wafugaji wa Kisomali wakati ule TB ilikuwa ugonjwa wa aibu, mgonjwa alifichwa, na hata aliyefika hospitalini hakuweza kukaa kitandani miezi na miezi ilhali watu wake wanahama kuifuata mvua. Alitoroka dawa zikiwa nusu, na kifua kikuu kilichokatiziwa dawa hurudi kikiwa sugu. Wataalamu walisema wafugaji hawatibiki.

Mwaka 1976 Tonelli alikabidhiwa mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu kifua kikuu kwa wafugaji. Badala ya kuwalazimisha wagonjwa waishi kihospitali, aliwaacha wajenge vibanda vyao vya kuhamahama karibu na kituo, walale chini kama walivyozoea, na wameze dawa kila siku mbele ya mhudumu kwa miezi 6. Utaratibu wa aina hiyo, wa mgonjwa kumeza dawa akitazamwa, ndio Shirika la Afya Duniani lilikuja kuupendekeza kwa nchi zote katika miaka ya 1990.

Hapo ndipo pa kutazama. Watu wakisimulia habari zake hukimbilia kusema alilala saa chache na kula kidogo. Mimi hilo halinivutii sana. Wapo watu wagumu wenye kula kidogo na kulala kidogo. Kinachonivutia ni kwamba alijifunza. Alijua mfugaji anaogopa nini, ngamia wanahama lini, kidonge kinafanya kazi siku ngapi, halafu akapinda tiba imfuate mgonjwa. Upendo wa daraja la juu una ujuzi ndani yake. Anayekupenda kweli hujisumbua kukufahamu, na mtu anayekuletea msaada usiokufaa mwaka baada ya mwaka, bila kuuliza, anajipenda yeye mwenyewe akitoa.

Kisha tazama alivyofanya upendo ulipoanza kumgharimu. Februari 1984 wanajeshi waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, nje ya mji wa Wajir, na wengi wakauawa. Tonelli alitoka kuokota majeruhi na kuzika maiti, na habari ambazo serikali haikutaka zijulikane zikavuka mipaka. Mwaka uliofuata alifukuzwa Kenya. Angeweza kunyamaza akaendelea na hospitali yake, na wengi wetu tungemsaidia kupata hoja: wagonjwa wanamhitaji, siasa si kazi yake. Hoja hiyo ndiyo kasoro inayofichwa sana katika upendo wa makanisa yetu. Tunawapenda wanyonge mradi tusimkasirishe anayewanyonga.

Alivuka akaenda Somalia, hatimaye akafika Borama, akaanzisha hospitali ya kifua kikuu na shule ya watoto viziwi. Mwaka 2003 alipewa Tuzo ya Nansen, tuzo ya Umoja wa Mataifa kwa wanaowahudumia wakimbizi. Tarehe 5 Oktoba mwaka huohuo alipigwa risasi Borama akafa. Zaidi ya miaka 30 aliishi kati ya Waislamu bila kuwadai wabadili dini kama bei ya dawa.

Sasa tahadhari. Mwenye kutazama kazi bora peke yake huharibika jicho, akaanza kudhani upendo ni kuuawa. Novemba na Desemba 2014 abiria 28 wa basi, kisha wafanyakazi 36 wa machimbo ya mawe, waliuawa Mandera, na walimu wengi kutoka sehemu nyingine za nchi wakakataa kurudi kazini. Februari 2018 walimu waliuawa Qarsa, Wajir. Januari 2020 wakauawa wengine 3 Kamuthe, Garissa, na Tume ya Huduma ya Walimu ikawahamisha wasio wenyeji. Nimewasikia watu walioketi salama Nairobi wakisema waliokimbia walikosa imani. Huo ni upuuzi. Mwalimu mwenye watoto wadogo aliyepanda basi la kurudi kwao hakupungukiwa upendo hata kidogo. Hatari si kipimo. Wapo wanaoipenda hatari yenyewe kwa sababu inawapa hadithi ya kusimulia.

Kurudi, hilo nalipima. Joseph Alessandro, Mkapuchini kutoka Malta, alipigwa risasi na majambazi mwaka 1993 akiwa katika utume wa Garissa, akaenda kwao kutibiwa. Alirudi, na mwaka 2015 akawa askofu wa jimbo hilohilo la Garissa. Ukitaka kuujua upendo wa mtu, usiangalie siku alipofika akiwa na hamu na mizigo; angalia kama alirudi baada ya kujua.

Bandia zipo za namna nyingi na sitazimaliza. Ya kwanza ni chambo: chakula mkono wa kulia, kijitabu cha dini mkono wa kushoto, kwa mtu ambaye mifugo yake imekufa kwa ukame. Tangu mwishoni mwa 2020 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na katika njaa ya namna hiyo kumwekea mtu sharti lolote, hata kama hulitamki, ni kumnunua. Jiulize: akikataa kijitabu, chakula kinabaki? Akisema "asante, sihitaji", unaudhika? Upendo usiovumilia kukataliwa ulikuwa biashara.

Ya pili ni kamera. Sisemi kila picha ni unafiki; mfadhili ana haki ya kujua fedha zake zilikwenda wapi. Lakini tazama mpangilio. Ikiwa mama aliyechukua unga ameombwa arudi nyuma akabidhiwe upya kwa sababu mpiga picha hakuwa tayari, basi kazi hiyo ilifanywa kwa ajili ya picha. Yesu alikwisha kusema mkono wa kushoto usijue unachotenda wa kulia, na hapakuwa na simu wakati ule.

Ya tatu ndiyo ngumu kuitambua: msamaha wa haraka. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi Wakristo waliotenganishwa na wenzao kwa dini yao. Kabla maiti hazijatambuliwa zote, walikuwepo waliotaka wazazi watamke msamaha mbele ya maikrofoni. Mzazi aliyesema hapana, siwezi leo, alikuwa mkweli kuliko maikrofoni. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016. Aliyerudi kufanya kazi pale, akakaa ofisi moja na Mwislamu, akaogopa, akachukia, akaendelea kumsalimu mpaka chuki ikachoka, huyo amesamehe, hata kama hajui tarehe.

Baada ya hayo makubwa, jicho la fundi huenda kwenye pindo. Mkristo anayealika majirani Krismasi amwite Mwislamu amchinjie mbuzi ili wote wale. Asiyekumbuka hilo amealika watu waje wamtazame akila. Mtazame anavyomlipa kijana wa mkokoteni wa punda anayemletea maji mchana wa Februari. Msikilize anavyowataja wenyeji akiwa na "nywele ngumu" wenzake, mlango umefungwa. Hapo ndipo ninapotoa alama nyingi au ninaponyima zote.

Na jambo ambalo Wakristo hatupendi kuambiwa: kazi bora kabisa ya karibuni katika ufundi huu haikufanywa na mmoja wetu. Tarehe 21 Desemba 2015 basi lililokuwa likielekea Mandera lilishambuliwa karibu na El Wak, na washambuliaji wakawaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu walikataa. Wanawake waliwapa wenzao Wakristo vitambaa vya kichwa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafa mwezi uliofuata hospitalini Nairobi. Filamu fupi ya Watu Wote, ya mwaka 2017, inatokana na kisa hicho. Hata kabla ya hapo, makanisa mawili ya mji wa Garissa yaliposhambuliwa Jumapili ya tarehe 1 Julai 2012 na watu 17 kufa, viongozi wa Waislamu walitangaza kuwa vijana wao watayalinda makanisa. Mkristo anayeshangaa hajasoma Injili yake vizuri: Yesu alipoulizwa jirani ni nani, alimtoa Msamaria kuwa mfano, si kuhani.

Tukipimwa kwa kipimo hichohicho, matokeo si mazuri. Aprili 2014 polisi waliwazoa maelfu ya Wasomali, wengi kutoka Eastleigh, wakawapeleka uwanja wa Kasarani kukaguliwa. Ilikuwa zamu yetu ya kukataa kutenganishwa. Wapo Wakristo waliofika na vyakula na mawakili, na nawaheshimu. Lakini makanisa mengi ya Nairobi Jumapili zile yaliombea usalama wa taifa, yakapitisha sadaka, yakaenda nyumbani.

Basi wewe unayesoma haya huna haja ya kupanda basi la Garissa ili upimwe. Ukiwa na chumba cha kupangisha Thika, Nakuru au Mlolongo, na aliyepiga simu akajitambulisha kuwa ni Abdi au Halima, usimwambie kimeshachukuliwa.