Nani Anayeitikia?

Watu husema kwamba wimbo ni wimbo tu. Ukipendeza masikio, basi yatosha. Sisi hatukubali. Wimbo wapasa kupimwa kama mahindi yapimwavyo sokoni, wala kipimo chema hakikataliwi kwa kuwa kimetoka mbali. Leo twataka kujaribu kipimo cha mtaalamu mmoja wa Ujerumani, Theodor Adorno, aliyezaliwa Frankfurt mwaka 1903. Alisoma falsafa, na muziki pia. Wanazi walipotawala aliihama nchi yake, na mwaka 1938 akafika New York, akapewa kazi ya kuchunguza muziki wa redio.

Katika insha yake ya mwaka 1941 alieleza kwamba nyimbo zitungwazo kwa ajili ya kuuzwa zafanana zote, kama kanzu za dukani zilizokatwa kwa mfano mmoja. Fundi hubadili vifungo tu, mnunuzi akadhani amepata nguo mpya. Msikilizaji aujua mwisho wa wimbo tangu mwanzo. Kwa hiyo akili yake haina kazi, nayo huzoea kulala.

Neno hili ni zito, wala haliwahusu watu wa Marekani peke yao. Juzi tulikwenda matangani kwa jirani yetu. Zamani, usiku kama ule, mama mmoja alianza wimbo, wengine wakaupokea, hata kukapambazuka. Na mfiwa alijua kwa kusikia sauti zile kwamba hakuachwa peke yake. Safari hii palikuwa na simu na kipaza sauti, na kwaya ya mjini ikatuimbia usiku kucha. Nyimbo zilikuwa nzuri, tena za Mungu. Lakini sisi majirani tulikaa kimya, na wengine tukasinzia. Ndipo tulipomkumbuka Adorno.

Hata hivyo, kipimo chake kina upungufu. Aliitazama mno bidhaa, asitazame vya kutosha jinsi watu waitumiavyo. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, na kuuza vyungu kabla ya kujulikana, alisafiri mpaka Bombay mwaka 1928, akaimba nyimbo zake zitiwe katika sahani za santuri. Sahani zile nazo zilikuwa bidhaa ya kampuni ya kigeni. Lakini wasikilizaji wake hawakulala. Walikusanyika penye santuri, wakajadiliana maana ya maneno yake, wakaziimba wenyewe. Mashine iliwapa wimbo, nao wakaupokea.

Basi, twaona kwamba haitoshi kuuliza wimbo umetoka wapi, au umetengenezwa kwa mashine gani. Yatupasa kuuliza pia: Nani anayeitikia? Katika ngoma za wazee wetu, na kanisani vile vile, mmoja huanza na wengine hupokea. Wimbo usiopokelewa haujatimia. Mtume Paulo, alipowaandikia Warumi habari za kulia pamoja na waliao, hakuwapa ruhusa ya kumtuma mwingine alie badala yao.

Kwa hiyo hatusemi simu zitupwe. Zitufundishe nyimbo mpya nyumbani, nasi tutashukuru. Lakini matanga yajayo, mwenye simu na aizime, mama mmoja na aanze, hata kama sauti yake imekwaruza. Sisi tutaitikia.